Chaki Chini ya Kiatu

Barua ya kampuni ya magari ilikuwa na kurasa mbili, na katika ukurasa wa pili Mwalimu Chaki alikuta mguu wake mwenyewe umeshtakiwa. Aliisoma amesimama jikoni, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, chai ikipoa mezani. Walisema wamelikagua gari lake la spoti kuanzia taa hadi matairi, na breki hazina kasoro yoyote. Walisema kompyuta ya gari imeonyesha kwamba siku ya ajali pedali ya breki haikukanyagwa hata kidogo. Kisha wakamalizia kwa adabu ya watu wanaokuzaba kofi huku wamekushika mkono: mteja mwenyewe aliwahi kukiri mbele ya meneja wa huduma kwamba mguu wake wakati mwingine hupotea na kukanyaga pasipo na pedali.

Chini palikuwa na mstari wa kutia saini. Akisaini kwamba kosa ni lake, bima italipa matengenezo yote, na yeye atakwenda kupimwa kama bado anafaa kushika usukani. Watu wa rika lake walijua kupimwa huko kunaishaje. Unaingia na leseni, unatoka na pole.

Hayo ya mguu alikuwa ameyasema kweli, na hilo ndilo lililomuuma. Alifundisha udereva miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo alikaa kiti cha abiria, katika magari mawili makuukuu yaliyofungwa pedali ya ziada upande wake, ile inayoitwa breki ya mwalimu. Alipostaafu aliuza shule na magari yote mawili, akanunua gari jekundu la chini chini, la milango miwili, lenye mngurumo wa kuamsha mtaa. Watu walicheka. Binti yake alimuuliza kama ujana umemrudia. Akajibu kwamba maisha yake yote ameendeshwa na watu wasiojua kuendesha, na sasa anataka kujiendesha mwenyewe. Basi wiki za kwanza mguu wake wa kushoto ulikuwa ukikanyaga sakafu tupu, ukiitafuta breki ya mwalimu. Mazoea yana taabu. Siku ya huduma ya kwanza alimsimulia meneja, wakacheka wote wawili. Yeye alicheka akasahau, meneja alicheka akaandika.

Aliikunja barua, akaitia chini ya kopo la sukari. Aliona aibu, na aibu ile ikageuka hasira kabla hajamaliza kuketi.

*

Binti yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba kilijaa sare za shule zilizokatwa na ambazo hazijaunganishwa. Cherehani ilipolia, mambo nyumbani yalikuwa shwari. Iliponyamaza, kulikuwa na jambo. Siku ile ilinyamaza mara tu binti alipoikuta ile barua na kuisoma.

"Mama, saini," alisema.

Mwalimu Chaki alimwambia hawezi kusaini uongo. Akarudia yale aliyokwisha kuyarudia wiki mbili: kwamba alikuwa anashuka ule mteremko wa shule, mjukuu nyuma, mwendo wa kawaida. Alipofika kwenye yale matuta madogo madogo yaliyopangwa karibu karibu ili kuwaamsha madereva, alikanyaga breki. Pedali ikagoma. Ikawa ngumu chini ya mguu, kama anakanyaga jiwe, na gari likaendelea kwenda. Mbele watoto walikuwa wanavuka. Akachagua ukuta.

"Nakusikia, mama. Sisemi unadanganya. Nasema mtu anaweza kukosea na asijue."

"Ningekosea ningekuwa wa kwanza kusema."

"Mwanangu amevunjika mkono, ana plasta mpaka kwenye kiwiko," binti akasema. "Kompyuta inasema hukukanyaga. Wewe mwenyewe ulisema mguu unapotea. Unataka nimwamini nani?"

 Mama alitoka kwenda uani, akasimama mbele ya kamba ya nguo kana kwamba anatafuta kitu. Mjukuu, msichana wa miaka saba mwenye pengo mbele na plasta iliyojaa michoro ya kalamu, alimfuata. Alimpa habari kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa rambirambi.

"Bibi, mama amesema nisipande gari lako tena. Hata likiwa limesimama."

*

Mtaani nako habari zilikuwa zimeshasambaa. Muuza duka alimfungia sabuni na kumwambia kwa upole kwamba sasa umefika wakati wa kupumzika, mama. Jirani aliyepata leseni mikononi mwake alimwinulia mkono kwa huruma, mkono ule ule aliokuwa akiuhangaisha kwenye gia miezi mitatu bila kujua namba mbili iko wapi. Huruma ya namna ile ilimuudhi kuliko matusi.

Lakini ukweli usemwe: na yeye alianza kujishuku. Mchana mmoja, binti alipopeleka sare shuleni, aliketi kwenye kiti cha jikoni na kuutazama mguu wake wa kulia kama anavyotazamwa mtoto aliyeshtakiwa. Ndipo alipoikumbuka pakiti ya chaki.

Jina lake lilitokana nayo. Katika siku zake za kazi, kila mwanafunzi alipakwa chaki nyeupe chini ya kiatu cha kulia kabla ya kuwasha gari, na pedali zilifutwa zikawa nyeusi tii. Mwanafunzi akishtuka barabarani, akakanyaga mafuta badala ya breki, kisha akaapa kwa majina yote ya Mungu kwamba alikanyaga breki, Mwalimu hakubishana naye. Alimwambia ainame atazame. Mwenye macho haambiwi tazama. Baadhi walilia, wengi walijifunza, na binti yake mwenyewe, aliyefundishwa hivyo hivyo, alikasirika wiki nzima.

Sasa akapaka chaki soli yake mwenyewe. Jikoni sakafu ilikuwa ya vigae vyeusi. Akachagua viwili mbele ya kiti: cha kushoto breki, cha kulia mafuta. Akamweka mjukuu nyuma yake na kumpa kazi ya kupiga kelele "simama" wakati wowote apendao, hata katikati ya mazungumzo, hata akiwa anakunywa chai. Mtoto aliifurahia kazi hiyo kupita kiasi. Alimvizia bibi yake akipiga chafya. Alimvizia akifunga kiatu. Walifanya mara hamsini.

Kigae cha kushoto kilikuwa cheupe kabisa. Cha kulia kilikuwa kama kilivyofagiliwa asubuhi.

Mwalimu Chaki alikitazama kwa muda mrefu, akasikia kifua kinafunguka. Binti aliporudi akaonyeshwa. Alisikiliza maelezo yote, akavitazama vigae, akamtazama mwanawe aliyekuwa anachekelea, kisha akachukua dekio.

"Sakafu si gari, mama," alisema, akaanza kupiga deki.

*

Chumba cha kusubiri cha kampuni kilikuwa na viti vya ngozi na ubaridi wa mashine. Mpokezi alimletea maji bila kuombwa na kumuuliza kama amekuja kumsubiri mtoto wake. Meneja wa huduma alitoka na mkono mbele, kijana wa miaka thelathini na kitu, viatu vya kahawia vinang'aa. Alimwamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha akamweleza, polepole, kama anayesoma maelekezo ya dawa, kwamba gari hilo lina teknolojia ya kisasa sana, linahisi kila kitu, na si kila mtu huwa tayari kwa nguvu zake.

Mwalimu Chaki alimuuliza walijaribu breki wapi. Hapa hapa kwenye yadi, meneja akajibu. Yadi yenyewe ilionekana kupitia kioo: zege lililosuguliwa, laini kama sahani. Akamuuliza kama walijaribu kwenye matuta. Meneja akatabasamu, akasema utaratibu wa kampuni hautaji matuta. Halafu akamwambia, na hapa akashusha sauti kama anamfanyia hisani, kwamba katika wateja wote walionunua gari hilo, yeye ni wa kwanza kulalamika.

Nyuma ya kioo fundi mkuu alikuwa ameinama kwenye injini. Mwalimu Chaki alimtambua. Huyu, mwanafunzi wake wa zamani, alifeli mtihani wa barabarani mara nne, na mara ya tano alipopita alimkumbatia mtahini. Macho yao yalikutana, na fundi mkuu akarudi haraka kwenye injini yake kama mtu aliyedondosha spana.

Alipokuwa anaondoka alimwona bwana mmoja pembeni, suti safi, mikono misafi kupita kiasi. Alikuwa daktari wa meno. Nje lilikuwa limeegeshwa gari kama lake, la njano, taa ya mbele imepasuka. Alikuwa anamnong'oneza mpokezi, na Mwalimu Chaki, aliyewatazama watu waoga kiti cha jirani kwa miaka thelathini na moja, aliujua mnong'ono ule.

"Na wewe ilikuwa kwenye matuta?" alimuuliza, akiketi bila kukaribishwa.

Daktari alitaka kukataa.  Kisha akasema kwamba amegonga geti la nyumbani kwake mwenyewe. Mkewe alimdanganya kwamba paka alikatiza, ndiyo maana akagonga.

"Paka," Mwalimu Chaki alisema.

"Mama, nimekuwa nikijisifia gari hili mwaka mzima," daktari akasema, macho chini. "Nitawaambiaje watu limenishinda?"

Kidogo kidogo yakatoka. Pedali yake pia iligeuka jiwe, naye pia aliambiwa ni wa kwanza kulalamika. Alikuwa anawajua watatu wengine wenye gari hilo, nao kila mmoja alikuwa na paka wake: mmoja alisingizia mvua, mmoja usingizi, mmoja mkewe. Gari la spoti lina sifa hiyo. Ukilinunua umenunua na jina la dereva hodari, na hakuna anayetaka kulirudisha jina dukani.

"Mficha uchi hazai," Mwalimu Chaki alimwambia. "Waite hao wenzako."

Akarudi ndani kwa meneja. Alisema, kwa sauti ambayo wateja wote waliisikia, kwamba yuko tayari kusaini. Ila kwa sharti moja. Nyuma ya kampuni palikuwa na njia ya kushukia geti dogo, yenye mteremko na matuta madogo madogo. Jumamosi saa nne asubuhi, kampuni iliteremshe gari lake pale mara tatu, lisimame kwenye mstari atakaouchora. Likisimama mara zote tatu, atatia saini pale pale na leseni atawaachia mezani.

Meneja hakusita hata kidogo, akampa mkono. Alipofika getini Mwalimu Chaki alisimama kidogo akijifanya anatafuta kitambaa. Leseni ile ilikuwa na umri mkubwa kuliko meneja.

Fundi mkuu alimfuata hadi nje, akijifuta mikono iliyokwisha kuwa mikavu. Alisema shikamoo mwalimu. Alisema ana mke na watoto na kazi siku hizi ni ngumu. Mwalimu Chaki akamjibu kwamba hajamuuliza kitu, anachoomba ni matairi machakavu kumi na mawili ya kupanga mbele ya geti, basi. Fundi akakubali. Akageuka kuondoka, akarudi.

"Mara ya kwanza litasimama, mwalimu," alisema, akiitazama barabara badala ya kumtazama yeye. "Na ya pili. Breki zikishapata moto ndiyo linaanza."

*

Jumamosi binti alimpeleka kwa gari lake dogo la kubebea sare, kwa kuwa hakutaka mama yake aende kudhalilika peke yake.  Mjukuu alikaa nyuma na pakiti ya chaki mapajani, ameikumbatia kwa mkono mzima.

Daktari wa meno alikuwepo, na wenzake watatu, wamesimama mbali mbali kama watu waliokutana hospitali ya maradhi ya aibu. Wateja wengine walitoka ndani na vikombe vyao. Meneja alikuwa amewaalika yeye mwenyewe. Gari jekundu lilikuwa juu ya mteremko, bampa la mbele limefungwa kwa waya. Kule chini matairi kumi na mawili yalipangwa mbele ya geti, manne kwa safu tatu. Mwalimu Chaki alichora mstari mnene mweupe hatua ishirini kabla yake.

Meneja akamwita fundi mkuu, akamrushia ufunguo. Fundi mkuu aliudaka, akautazama kiganjani, kisha akauweka taratibu juu ya paa la gari.

"Mimi hapo siendeshi, bosi," alisema.

 Meneja akamuuliza ana maana gani. Fundi mkuu akasema amesema alichosema, na kama ni kuandikiwa barua, aandikiwe. Masikio yalikuwa yamemwiva, lakini alisimama wima. Siku aliyopata leseni alisimama hivyo hivyo.

Meneja akauchukua ufunguo kwa hasira. Ataendesha yeye, alisema, ili hadithi hii iishe. Mwalimu Chaki akamwomba kitu kidogo tu, kama alivyowaomba wanafunzi wake wote: anyanyue mguu. Meneja akacheka, akawatazama wateja ili nao wacheke, akanyanyua kiatu cha kahawia kinachong'aa. Mwalimu akakipaka chaki kwenye soli, pande zote, bila haraka, akainama ndani ya gari na kuzifuta pedali mbili kwa kitambaa mpaka zikawa nyeusi.

Mara ya kwanza gari liliteremka, likatetemeka kwenye matuta, likasimama kabla ya mstari kama mtoto mwenye adabu. Wateja wakapiga makofi kidogo. Pedali ya breki ikaonekana nyeupe. Gari likarudishwa juu, pedali zikafutwa, soli ikapakwa upya.

Mara ya pili likasimama juu ya mstari wenyewe. Meneja akashuka anachekelea, akamuuliza Mwalimu kama kalamu anayo au aletewe. Mwalimu Chaki alisikia mkono wa binti yake umemshika kiwiko.

"Mama, inatosha," binti alisema kwa sauti ya chini. "Saini twende nyumbani. Usiwape nafasi ya kukucheka zaidi."

"Bado moja."

"Na likisimama?"

"Likisimama nitasaini, na wewe utanipeleka nyumbani, na sitagusa usukani mpaka nakufa," mama akajibu. Alikuwa na hofu, na hakuificha. "Lakini bado moja, mwanangu."

Gari liliporudishwa juu, alizifuta pedali, akapaka soli. Chaki ikamvunjikia mkononi.

Mara ya tatu meneja aliteremka kwa mbwembwe, mkono mmoja dirishani. Gari likaingia kwenye matuta. Likatetemeka. Mwalimu Chaki alikuwa anatazama magurudumu, na aliona kabla ya wengine: hayakupunguza. Mkono ukarudi ndani kutoka dirishani. Gari likaupita mstari mweupe kana kwamba hakuna aliyeuchora, meneja akaonekana amejikaza kiti kizima, amesimamia mguu mmoja. Likaingia kwenye matairi kwa kishindo. Safu ya kwanza ikalala, ya pili ikalala, ya tatu ikashika.

Mlango ulifunguka. Meneja alitoka akiwa mzima, tai begani, macho yamemtoka.

"Nimekanyaga," alisema. Hakuna aliyemuuliza. "Nimekanyaga breki. Wallahi nimekanyaga, imekuwa ngumu kama jiwe."

Ilikuwa neno kwa neno. Binti alimgeukia mama yake, na mama yake hakumtazama, kwa sababu angemtazama angelia, na hakuja pale kulia.

"Fundi," Mwalimu Chaki alisema, "chomeka kompyuta yako."

Fundi mkuu akaileta, akaichomeka chini ya usukani, akasoma kwa sauti ya kusikika hadi kwa wenye vikombe. Kompyuta ilisema pedali ya breki haikukanyagwa.

"Basi hukukanyaga," Mwalimu Chaki alimwambia meneja. "Kompyuta imesema. Labda mguu wako umepotea."

Kisha akampisha mjukuu, aliyekuwa anasubiri zamu yake tangu asubuhi. Mtoto aliinama ndani ya gari na plasta yake, akatazama, akatoa kichwa nje na kutangaza matokeo. Ya kulia nyeusi. Ya kushoto nyeupe yote, mpaka pembeni.

*

Meneja alikaa na simu ofisini karibu saa nzima. Alipotoka alikuwa na karatasi nyingine na sauti nyingine. Kampuni, kwa heshima yake, ilikuwa tayari kumpa gari jipya kabisa, rangi aitakayo, na barua ile ya mwanzo ingechanwa. Yeye angetakiwa tu kutosimulia jambo hili kwa mtu yeyote, wala kwa maandishi wala kwa mdomo.

Mwalimu Chaki aliisoma karatasi hadi mwisho, akaipitisha kwa binti yake, naye akaisoma hadi mwisho.

"Na wale?" alimuuliza meneja, akionyesha kwa kidevu daktari wa meno na wenzake, ambao sasa walikuwa wamesimama pamoja.

Meneja akasema kila mteja atashughulikiwa kivyake.

"Ndivyo mlivyotushughulikia," Mwalimu alisema. "Kila mmoja na paka wake."

Binti alikuwa bado ameishika karatasi. Aliikunja mara mbili, kwa vidole vya mtu aliyezoea kukunja kitambaa, akairudisha mfukoni mwa koti la meneja, akaibonyeza ili ikae vizuri. "Mama yangu hasaini," alisema. "Alishawaambia alikanyaga."

Mwalimu Chaki alishuka mteremko kwa miguu. Pale mstari wake ulipopitwa, alipiga goti moja kwa shida na kuandika juu ya lami kwa herufi kubwa, kama alivyozoea kuandika ubaoni: HAPA BREKI ZILIGOMA. Chini yake akaandika tarehe, na tarehe ya ukuta wa shule. Akanyoosha mkono wenye chaki juu bila kugeuka. Muda ukapita. Kisha daktari wa meno akaja, akainua suruali ya suti magotini ili isichafuke, akachuchumaa na kuandika tarehe ya geti lake. Nyuma yake wakaja wa mvua, wa usingizi na wa mke. Wateja waliokuwa na vikombe walikuwa wanapiga picha, na mmoja wao, aliyekuja asubuhi ile kulipia gari jipya, alionekana akimuuliza mpokezi namna ya kurudishiwa pesa.

"Mvua itayafuta haya," meneja alisema kwa uchungu, akiwa amesimama juu yao.

"Itafuta," Mwalimu Chaki akakubali, akijiinua kwa bega la daktari. "Chaki ninayo pakiti nzima."

*

Gari jekundu lilibaki pale pale kwenye matairi. Fundi mkuu alisema hataliondoa mpaka wakaguzi wa serikali walione, na kwamba barua ya kufukuzwa kazi, kama ipo, imkute akiwa amekaa juu yake. Walikwenda hadi kwenye gari dogo la sare. Mjukuu akapanda nyuma, katikati ya mabunda ya vitambaa, akafunga mkanda kwa mkono mmoja.

Mwalimu Chaki alizunguka kwenda mlango wa abiria, kwa mazoea. Akamkuta binti yake amesimama hapo, ameushika ufunguo mkono mbele.

"Endesha wewe," binti alisema.

"Mtoto yumo ndani."

"Nimemwona."

Mama aliupokea ufunguo. Akaingia, akasogeza kiti, akatazama kioo cha nyuma na cha pembeni kama alivyofundisha maelfu. Walitoka getini, wakashika barabara ya mteremko, na kule chini, kabla ya makutano, matuta madogo madogo yalikuwa yanawasubiri.  Mwalimu alikanyaga breki, na gari dogo kuukuu likapungua mwendo, likayapanda matuta moja moja, likasimama panapostahili.

Upande wa abiria mguu wa binti ulikuwa umekanyaga sakafu kwa nguvu zote, goti limekakamaa. Mama aliuona. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya ukuta, akacheka mpaka macho yakalowa, na binti naye akautazama mguu wake akashindwa kujizuia.

"Huko hakuna breki, mwanangu," Mwalimu Chaki alisema. "Breki ninayo mimi."